Sura ya Tano ya Muhogo, Nchini Asanteni

Safari yenyewe nairuka. Vumbi ni vumbi, na kila msafiri huapa kwamba lake lilikuwa jekundu kuliko la wenzake. Naanzia kwenye meza ya forodha ya nchi iitwayo Asanteni, pale sanduku langu la miwani lilipofunguliwa na kijana mpole mwenye glavu nyeupe.

"Hizi ni za jua au za kusomea, mzee wangu?"

"Za kusomea."

"Na wateja wako ni wa umri gani?"

"Wale ambao gazeti limeanza kuwakimbia. Wazee wenzangu."

Akalifunga sanduku taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. "Hapa kwetu aliyefika sitini hana cha kusoma. Ameshashukuriwa. Na asiyefika sitini anaona vizuri. Kwa hiyo biashara yako ni halali kabisa, mzee wangu, ila hakuna wa kumuuzia."

Nimekwisha kuzuiwa mipakani mara nyingi, kwa matusi, kwa virungu, na mahali pamoja kwa mbwa. Kuzuiwa kwa adabu kulikuwa kugeni kwangu. Nikamwambia asante. Akashtuka, akatazama huku na huku, akaninong'oneza, "Neno hilo usilitamke ovyo humu ndani, mzee. Mtu anaweza kupoteza kazi."

Sanduku likabaki forodhani, nami nikaelekezwa Wizara ya Shukrani nikaombe kibali maalumu. Afisa Mkuu wa hapo, Bwana Makungu, alikuwa mtu wa tumbo na ucheshi, mwenye tai fupi iliyokata tamaa juu ya kitovu. Alinikaribisha chai, akanieleza sheria ya nchi kwa fahari ya mtu anayeonyesha nyumba mpya.

"Sisi hatumfukuzi mtu," alisema. "Kuna nchi zinawaandikia wazee wao barua kali. Sisi tunaalika watu, tunapika pilau, tunamshukuru. Tangu dakika hiyo sheria inahesabu kwamba yote aliyokuwa akiyajua ameyaacha ofisini, pamoja na funguo na birika la chai."

"Mtu akienda kumuuliza kitu?"

"Ni kosa. Linaitwa kumsumbua mzee."

"Na yeye akijieleza bila kuulizwa?"

"Ndiyo maana kuna matarumbeta."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Alitazama saa, akavaa koti. "Twende ukaone mwenyewe. Leo tunamshukuru Mama Profesa."

Mama Profesa ndiye Nyamizi Lutandula, bingwa wa muhogo wa Chuo Kikuu cha Asanteni: mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Walikuwa wamemketisha jukwaani katikati ya zawadi zake, yaani saa ya ukutani, godoro, toroli jipya na mbuzi aliyekwisha kuanza kula risala. Kila msemaji alisema kwamba pengo lake halitazibika, kisha akaenda kukaa na furaha ya mtu aliyemaliza kulichimba. Nyuma ya jukwaa ilipangwa bendi, na mbele ya bendi Kapteni Mrashi, kiongozi wake, mwenye mashavu kama maandazi mawili.

Pilau ilikuwa imeanza kunukia pale mwanamume mmoja mwenye mvi, suruali ina matope magotini, aliposimama katikati ya viti.

"Mama Profesa, shikamoo. Na sura ya tano je?"

Ukumbi mzima uliguna. Mama Profesa akainua kichwa kama mtu aliyeamshwa. "Marahaba, Mfaume. Sura ya tano ina tatizo moja kubwa. Lile shamba ulilo..."

Matarumbeta yakalipuka. Mama Profesa aliendelea kusema. Niliiona midomo ikienda, nikaiona mikono ikionyesha kitu chini, halafu chini zaidi, lakini neno halikusikika hata moja. Bendi ilipiga mpaka alipoketi. Watu wakapiga makofi, na mwanamke kando yangu akafuta chozi, akasema sherehe imefana.

Wakati wa kula nilimfuata yule mwenye matope. Jina lake Mfaume Bungara, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Alikuwa amepishana umri na mwalimu wake mwezi mmoja tu, lakini alimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa heshima ya sura nne alizokwisha kumpitishia.

"Msimamizi wangu wa kwanza alishukuriwa nikiwa sura ya kwanza," alinieleza huku akitafuna. "Wa pili alishukuriwa katikati ya sentensi. Mama Profesa ndiye aliyenifikisha mwisho. Tasnifu nimeshaiwasilisha, ingawa sura ya tano hajaniambia ameionaje, nasubiri mtihani. Mwisho wa mwezi huu na mimi natimiza sitini."

"Kwani mwanafunzi naye anashukuriwa?"

"Anashukuriwa sana! Kisha tasnifu yake inaingia stoo."

Nilimtania kwamba udaktari wa mwezi mmoja usimtoe roho. Akaliweka bonge la nyama chini.

"Bwana Miwani, mimi sitaki cheti cha kutundika ukutani. Nenda Bonde la Mlowe ukaone. Muhogo unaozea ardhini. Mtu anang'oa shina, anakuta uji mweusi. Mama yangu mdogo yuko kule, anakula mara moja kwa siku na anasema ameshiba. Mimi nimepata mbegu isiyooza, nimeipa jina la Shupavu. Lakini sheria inasema hakuna kijiti cha mbegu kitakachogawiwa mpaka tasnifu yake ipite. Nikishukuriwa kabla sijatahiniwa, na Shupavu ameshashukuriwa."

"Basi nenda nyumbani kwa Mama ukamuulize shamba lina nini."

"Nimefikiria. Kila aliyeshukuriwa anawekewa mpiga tarumbeta mmoja mlangoni mwezi wa kwanza, mpaka azoee."

Nilirudi kwa Bwana Makungu nikamuuliza swali la kawaida: sasa nani atafundisha muhogo? Akanitazama kwa huruma.

"Mtaalamu kutoka nje, nani mwingine? Ng'ambo ya daraja kuna nchi ya Karibuni. Wana wazee wasomi wengi sana."

"Wana umri gani?"

"Sitini na tano, sabini. Wengine sabini na kitu."

"Si nao watakuwa wameisha?"

"Aa, bwana. Maarifa ya mwenyeji huchacha akifika sitini. Ya mgeni hayachachi, maana yamepigwa na hewa ya safari." Alilisema hilo bila kupepesa macho, nami nikaliandika kama alivyolisema.

Wiki hiyohiyo Mama Profesa aliajiriwa Karibuni. Nilivuka naye, maana nilikuwa nimerudishiwa sanduku langu kwa sharti nilitoe nchini. Mpiga tarumbeta wake alitusindikiza mpaka mwanzo wa daraja, akampigia saluti, akasema, "Tutakukumbuka, Mama," na nadhani alikuwa anasema kweli.

Daraja lile ni la kuonwa. Upande wa kushoto wazee wasomi wa Asanteni wanakwenda Karibuni, upande wa kulia wazee wasomi wa Karibuni wanakuja Asanteni, kila mmoja na begi la notisi zilizogeuka rangi ya chai. Wapo wanaotembea kama vijana wa posa. Yupo mmoja niliyeambiwa kwamba amevuka mara nyingi hata hakumbuki tena kwao ni upande gani. Na yupo mwingine aliyelala amesimama, ameshika ukingo, wanafunzi watatu kutoka kila upande wakimsubiri amalizie neno alilolianza. Nilisita kuandika juu ya huyo, lakini msafiri hachagui cha kuona. Huyo wangemwacha apumzike, na hakuna aliyefikiria hivyo, kwa kuwa alikuwa mgeni pande zote mbili.

Katikati ya daraja Mama Profesa alikutana na mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma, Profesa Kitwana Shomvi wa Karibuni.

"Unakwenda kufundisha nini, dada yangu?" aliuliza mzee.

"Mimi mtu wa muhogo. Wewe?"

"Mimi mtu wa nyota. Lakini wito wao unasema nikasimamie muhogo."

"Na wangu unasema nikaanzishe idara ya nyota."

Maji yalipita chini yetu.

"Si tungebaki tu kila mtu kwao?" alisema Profesa Kitwana.

"Kwetu nimeshashukuriwa."

"Kwetu nimepumzishwa." Akavua kofia, akajikuna. "Muhogo, dada, mimi najua kuutafuna. Kuna mtu huko wa kunisaidia?"

"Kuna Mfaume Bungara. Msikilize huyo. Na tafadhali mwambie kwamba sura ya tano..." Hapo Mama Profesa akageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na tarumbeta. Palikuwa na upepo tu, na yule mzee akimngoja amalize. Akafunga mdomo mwenyewe.

"Mwambie nini?"

"Hapana. Acha."

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumalizia, nikajitolea hata kuupeleka ujumbe mimi. Alinijibu kwa ukali kidogo. "Labda ana shamba la pili ambalo hakuliandika. Labda mimi ndiye nimekosea. Mtu huulizwa mbele ya kazi yake, akajitetea. Hahukumiwi kwa salamu za muuza miwani." Nilikubali, ingawa sikupenda sauti.

Kuhusu Karibuni sitasema mengi. Sheria yao kwa wazee wenyeji ni ileile, tofauti ni kwamba wao hawatumii matarumbeta, wanawapa kuku wachunge. Lakini mgeni mwenye mvi anaheshimiwa mno. Mama Profesa walimweka kwenye kiti kirefu mpaka miguu haigusi sakafu, chini ya picha ya sayari ya Zuhura. Wanafunzi walipita mbele yake wameinamisha vichwa, wakapiga naye picha, wakaondoka kinyumenyume.

"Nimepigwa picha na kila mtu mpaka mpishi," aliniambia siku ya tatu, miguu ikining'inia. "Hakuna aliyeniuliza hata kama nimelala salama. Kule kwetu ni kosa kuniuliza. Hapa wanaona haya kuniuliza. Niambie wewe uliyezunguka, ipo nchi mtu wa umri wangu anaulizwa kitu?"

Nilimwambia mimi nimeulizwa sana, hasa na polisi. Akacheka, lakini si kwa muda mrefu.

Ukombozi ulitoka kwa yule mtu wa nyota. Profesa Kitwana, kama msimamizi mpya wa Mfaume, alitakiwa apendekeze mtahini kutoka nje ya nchi. Akaandika: Profesa N. Lutandula, Chuo Kikuu cha Karibuni. Siku hiyohiyo Baraza la Shukrani likaitishwa, na mimi, niliyekuwa nimerudi bila sanduku, nikaruhusiwa kukaa nyuma kwa kuwa wageni huruhusiwa kila kitu.

"Jamani, huyu tunamfahamu," alianza Bwana Makungu akipangusa jasho. "Mimi mwenyewe nilisimamia pilau yake. Tena alinifundisha mwaka wa kwanza, akanipa alama ya huruma."

"Unamfahamu vipi?" akadakia mjumbe mmoja. "Unayemfahamu ni Mama Profesa wa Asanteni. Huyo ameshashukuriwa, hajui kitu. Huyu ni mtaalamu wa Karibuni. Anajua. Mtu mmoja hawezi kujua na asijue."

"Sura ni ileile!"

"Sheria yetu haijataja sura."

Walibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Wapo waliosema mgeni akikataliwa, Karibuni watakasirika na daraja litafungwa, na hapo nani atafundisha watoto? Mwishowe wakaamua hivi. Aje, apokewe kama mgeni kamili. Kwa kuwa mgeni hatarajiwi kujua lugha, awe na mkalimani. Lakini bendi ikae ukumbini, na ikiwa mgeni ataonyesha kwa neno lolote kwamba ni mwenyeji, basi atakuwa amerudi kuwa yule aliyeshukuriwa, na matarumbeta yatapigwa kama kawaida.

Wakampokea kweli. Walimvisha shada la maua pale darajani, wakampa mkalimani, Bi Sikudhani, mama makini wa miaka arobaini aliyechukulia kila kazi kama kiapo. Mama Profesa alisema, "Nina kiu." Bi Sikudhani akawageukia wenyeji, akatangaza kwa Kiswahili kilekile, "Mgeni anasema ana kiu." Maji yakaletwa kwa shangwe.

Ikafuata ziara. Walimwonyesha soko analonunua dagaa, wakamweleza dagaa ni nini. Halafu wakampeleka kuona "nyumba ya mfano ya mwananchi wa kawaida," nayo ilikuwa nyumba yake. Mumewe alikuwa barazani anachambua maharage. Bwana Makungu akakohoa.

"Mzee, huyu ni mgeni wetu kutoka Karibuni."

Yule bwana akamtazama mkewe juu mpaka chini, na shada lake. "Karibu sana, mgeni. Kwenu huko wanawake wanajua kusonga ugali?"

"Wanajua," alisema Mama Profesa, "ila waume zao hawajui kuchambua maharage. Hayo mawe unayaacha."

"Mgeni anasema," alianza Bi Sikudhani.

"Nimesikia," alisema mume. "Muulize mgeni anarudi lini kulala."

Bendi ilisogea hatua moja. Mama Profesa akatoka nje haraka, anajifuta macho, na sikujua kama ni kwa kicheko.

Mtihani ulifanyika siku mbili kabla Mfaume hajatimiza sitini. Alivaa suti ya harusi ya mtu mwingine. Ukumbi ulijaa watu wa Mlowe waliokuja kwa miguu, wamekaa chini na mafurushi, maana neno lilikuwa limefika kwamba leo ndiyo mbegu itatolewa. Mama mdogo wa Mfaume alikuwa mbele kabisa, kamba ya kufungia vijiti ipo tayari mapajani mwake.

Profesa Kitwana ndiye aliyeanza. "Bwana Bungara, mimi nitauliza ninalolijua. Muhogo wako unaupanda mwezi mchanga au mwezi mpevu?"

"Napanda mvua ikinyesha, Profesa."

"Vema sana. Sina swali lingine."

Kisha zamu ya mtahini. Mama Profesa alimuuliza kuhusu sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mfaume alijibu vizuri, na kila jibu lilirudiwa na Bi Sikudhani mpaka tukalijua kwa moyo. Watu wa Mlowe walikuwa wanatikisa vichwa kwa raha. Kisha Mama Profesa akafungua sura ya tano.

"Shupavu ulimpanda wapi?"

"Kwenye shamba la chuo, Mama. Lile la chini, karibu na mto. Penye maji mengi, ili nimjaribu kweli."

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Misimu mitatu. Hakuoza hata mzizi mmoja."

Nikauona uso wake. Akiwa mtaalamu wa Karibuni, hakuwa na la kusema. Kwenye karatasi shamba lilikuwa bondeni, mtoni, muhogo haukuoza. Angepiga muhuri, Mfaume awe daktari, mama mdogo afunge vijiti vyake, na watu wote wale warudi nyumbani wakipiga vigelegele. Alichokuwa anakijua alikijua kama mwenyeji, na mwenyeji haruhusiwi kujua. Kapteni Mrashi alikuwa ameshaweka tarumbeta mdomoni.

Mama Profesa akavua shada la maua, akaliweka mezani.

"Mfaume, lile shamba mimi ndiye..."

Matarumbeta yakalipuka. Safari hii hakungoja. Alimvuta Bi Sikudhani kwa mkono, akamwekea mdomo sikioni, akasema, akasema, mishipa ya shingo imemtoka. Bendi ikapiga mpaka madirisha yakatetemeka. Alipomaliza aliketi, na bendi, kwa kuwa aliyeshukuriwa amenyamaza, ikanyamaza.

Ndipo Bi Sikudhani akasimama wima, akaunganisha mikono mbele kama alivyofundishwa.

"Mgeni anasema," alitangaza katika kimya kile, "kwamba lile shamba la chini aliliwekea mifereji ya kutoa maji yeye mwenyewe, akiwa msichana wa chuo. Mifereji ya vigae, imelala chini kimo cha mtu. Maji hayatuami pale hata mvua inyeshe vipi. Mgeni anasema pale hata ukipanda ufagio hauozi."

Kapteni Mrashi aliinua tarumbeta, akalishusha, akamtazama Bwana Makungu. Mkalimani hakuwa ameshukuriwa. Alikuwa na miaka yake arobaini na kibali cha serikali.

"Mgeni anasema pia," aliendelea Bi Sikudhani, "kwamba hajui kama Shupavu ni shupavu. Huenda ndivyo. Huenda akaoza Mlowe kama wenzake. Hakuna ajuaye, kwa sababu hajawahi kulowa."

Mfaume alikuwa bado amesimama, mikono imezama ndani ya mikono mirefu ya suti ile. "Misimu mitatu," alisema. Kisha akasema, "Mama, kwa nini usinipitishe tu?"

Mama Profesa alimwonyesha kwa kidevu yule mama wa mbele, mwenye kamba mapajani. Hakuhitaji mkalimani.

Zogo lililofuata siwezi kuliandika lote. Mjumbe mmoja alitaka mtahini akamatwe. Mwingine alitaka mtahiniwa ashukuriwe papo hapo, ili isipikwe pilau mara mbili. Watu wa Mlowe walikuwa wanauliza kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mwingine, "Sasa tupande nini?" Waliuliza hewa, waliuliza kuta, maana kumuuliza aliyekuwa anajua lilikuwa kosa.

Ndipo Bwana Makungu aliposimama. Nilidhani atafunga kikao. Alikuwa na kijasho, tai imepinda.

"Mama," alisema, na akamtazama machoni mtu aliyemshukuru yeye mwenyewe kwa pilau. "Tufanyeje?"

Afisa Mkuu wa Wizara ya Shukrani alikuwa amemsumbua mzee, hadharani, mbele ya bendi.

"Msimu mmoja," alisema Mama Profesa. "Apande Shupavu Mlowe kwenyewe, matopeni. Na kando yake apande mbegu zote alizozitupa, zile alizoona hazina maana."

"Keshokutwa natimiza sitini!" alisema Mfaume.

"Basi utapanda ukiwa na sitini. Jembe halijui."

Hawakubadilisha sheria. Nisiwadanganye, sheria ya Asanteni iko palepale mpaka leo. Mfaume alishukuriwa siku yake ilipofika, akapewa saa na toroli. Lakini Bwana Makungu alikaa na wajumbe wake mpaka wakapata njia ya kuwaruhusu Mfaume na Mama Profesa bila kuwaruhusu. Waliandika kwamba wazee wawili wameonekana Mlowe wakitumia muda wao wa mapumziko kuzungumza na mimea, na kwamba sheria haimkatazi aliyeshukuriwa kuzungumza na mmea.

Nilirudi muhogo ulipokomaa. Nilimkuta Mama Profesa amesimama ndani ya tope mpaka vifundoni, anakifokea kijiti cha muhogo kwa nguvu zake zote. "Wewe ulipandwa wima, nani alikuambia usimame wima hapa? Hapa unalazwa!" Hatua chache kutoka hapo vijana kumi hivi wa chuo, kimya, wanaandika. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu. Walikuwa wanapita tu, waliniambia, na walikuwa wamepita kila siku tangu mvua za kwanza.

Siku ile walikuwa wanang'oa. Watu wa Mlowe walisimama pembezoni mwa shamba, hakuna aliyeketi. Mfaume alianza na mstari wa Shupavu. Akashika shina la kwanza, akavuta, likatoka kwa wepesi ambao kila mkulima pale aliuelewa kabla hajaona kitu. Chini palikuwa na uji mweusi. Akang'oa la pili. Uji. La tatu hakulivuta, alilisukuma tu kwa mguu likaanguka lenyewe.

Mama yake mdogo akasema, "Pole, mwanangu," akaanza kuzungusha kamba yake mkononi ili waende.

"Endelea," alisema Mama Profesa. Nadhani alikuwa anauambia muhogo.

Mfaume akaenda kwenye mistari iliyofuata, ile ya mbegu za kutupwa. Mweusi. Mweusi. Kwenye mstari wa mwisho, uliokuwa karibu kumezwa na maji, palikuwa na mashina mafupi yenye majani hafifu ambayo hakuwa ameyapa hata jina. Akavuta. Shina halikuja. Akashika kwa mikono miwili, akavuta tena, akateleza akakaa matopeni, watu wakacheka, akasimama akavuta mara ya tatu, na ardhi ikatoa sauti ya kizibo.

Mizizi ilikuwa midogo, myembamba kama vidole vya mtoto. Mama Profesa akavunja mmoja. Ulilia kwa mlio mkavu. Ndani ulikuwa mweupe. Akaunusa, akauma kipande, akatafuna muda mrefu huku sote tunautazama mdomo wake, kisha akampa mama mdogo kilichobaki, naye akauma.

"Mchungu," alisema mama mdogo.

"Mchungu sana," alikubali Mama Profesa.

"Lakini ni muhogo."

"Ni muhogo."

Mama mdogo akaifungua kamba yake, akapiga goti palepale majini, akaanza kufunga vijiti bila kumuomba mtu ruhusa. Bwana Makungu alikuwa pale, amevua viatu. Akageuka akatazama milima.

Mfaume alibaki amesimama na lile shina mkononi, tope linamdondoka. "Kwa nini huu?" alisema. "Mama, kwa nini huu, na si Shupavu?"

"Sijui," alisema Mama Profesa, na sijapata kumwona mtu mwenye mvi aliyelitamka neno hilo kwa furaha kama ile. "Sijui kabisa! Andika upya sura ya tano."